UZI: Nimelala siku tatu kwenye jumba la ukoo huko Shropshire, na mpaka leo sijui nilikuwa mgeni au mteja

#1 Mlowezi

Wakuu, salaam.

Mwezi wa tano mimi na mke wangu tulitimiza miaka kumi ya ndoa. Tunaishi Birmingham, na mwenzangu alishasema mapema kwamba hoteli hataki, eti hoteli zote ni moja, ukifumba macho hujui uko mji gani. Akatafuta mwenyewe, akapata jumba moja huko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Jina silitaji, sababu mtaiona mbele. Ni yale majumba ambayo Waingereza huyaita manor: nyumba ya bwana mwenye ardhi katikati ya mashamba yake. Zamani wakulima wa eneo zima walikuwa chini yake, na kesi zao ndogo ndogo alizisikiliza yeye. Hili bado ni la familia, na wenyewe wanaishi humo humo. Vyumba vitano wanalaza wageni. Tulilipa pauni 165 kwa usiku, kifungua kinywa ndani, chakula cha usiku unalipa pembeni.

Naandika kwa kirefu maana humu watu wanauliza sana kuhusu hoteli za Uingereza, ila hili sijaona mtu akiligusa.

Tumefika saa kumi jioni. Hakuna mapokezi, hakuna kibao, hakuna kijana wa kufungua mlango. Mbwa watatu wakatoka mbio, nyuma yao mama wa miaka kama sabini hivi, sweta limetoboka kiwikoni, buti za mpira zimejaa tope. Nikajua ndiye wa bustani. Nikamsalimia vizuri, nikamkabidhi begi. Akalibeba. Amepanda nalo ngazi zote hadi ghorofa ya kwanza huku akinisimulia habari za mvua, mimi nyuma mikono mitupu kama waziri. Mlangoni mwa chumba mke wangu akaninong'oneza, "Huyo ndiye mwenye nyumba." Kumbe alishaona picha yake mtandaoni na hakuniambia!

Ufunguo wa chumba? Hakuna. Nilipouliza, yule mama akafikiri kidogo kama mtu anayekumbuka jina la jirani wa zamani, akasema upo mahali fulani, ulionekana mara ya mwisho mume wake alipokuwa mtoto.

Chumba chenyewe ni kikubwa kuliko sebule yetu. Kitanda cha nguzo nne, mapazia mazito, vitabu ambavyo ni dhahiri watu walivisoma, siyo vya pambo. Sakafu imeinama. Mke wangu aliangusha rangi ya mdomo karibu na mlango, tukaiokota chini ya dirisha. Bafu liko mwisho wa ujia, beseni la miguu ya simba, na maji ya moto yanakuja yanapojisikia. Mei hiyo, wakuu, nililala na soksi.

Ukiangalia kwa nje, mbele ni matofali mekundu, madirisha yamejipanga kama gwaride. Ukizunguka nyuma unakuta nyumba nyingine kabisa: mbao nyeusi za mwaloni zimepishana, katikati nyeupe. Mwenyeji akaniambia nyuma ndiko kwenye nyumba hasa, ya miaka ya mwisho ya 1500, na huko mbele ni uso tu, babu fulani aliubandika karne mbili baadaye ili aonekane anakwenda na wakati. Madirisha mawili ya pembeni yamezibwa kwa matofali.

Kutoka dirishani kondoo wanaonekana kama wako kwenye bustani ya maua yenyewe, hakuna uzio. Asubuhi nikasema nikawapige picha. Kumbe kuna handaki, limechimbwa likajengewa ukuta upande wa nyumba ili kondoo wasipande, na ukiwa ndani huwezi kuliona. Wanaliita ha-ha. Mimi sikucheka. Mguu mmoja ulishakwenda.

Sasa chakula cha usiku. Saa mbili kasoro mzee, yaani mume wa yule mama, akagonga upatu ukumbini (upatu hasa, ule wa shaba, siyo ule wa kuliwa pesa). Tukashuka nikidhani tutapewa meza yetu ya wawili, tule mambo yetu. Wapi! Meza ni moja, ndefu, tuko wageni sita, mzee kichwani, mama upande wa pili, na mke wangu wamemkalisha mbali na mimi, karibu na mzee. Ndiyo utaratibu, mtu na mwenzi wake hawakai pamoja. Mama sasa amevaa hariri na lulu, mikono ile ile ina mikwaruzo ya miiba.

Mwisho wa mlo ikaja chupa ya kioo, ndani divai tamu ya Port. Nikajimiminia, nikaiweka hapo mbele yangu, nikaendelea na maongezi. Baada ya muda mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani, unamfahamu Askofu wa Norwich?" Nikamjibu, "Hapana baba, sisi ni Walutheri."

Meza ikalipuka. Ni usemi wao wa siku nyingi: Port huzungushwa kwenda kushoto, haipaswi kutua, na mtu akiikalia hawamwambii "pitisha", wanamuuliza kuhusu huyo askofu. Mzee alicheka hadi akatoa leso. Kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumbani.

Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Kuna chumba kidogo chenye vinywaji, unajihudumia, unaandika kwenye daftari ulichochukua. Hakuna anayekuangalia. Siku ya pili maji ya kuoga yalikuwa baridi kabisa. Hotelini ningeshuka na taulo kiunoni. Hapa unashukaje? Unamlalamikia nani? Mama aliyekubebea begi, ambaye jana yake mezani amekusimulia jinsi mumewe alivyofanyiwa upasuaji wa moyo? Nikaoga baridi, nikanyamaza. Siku ya kuondoka bili ilikuwa kwenye bahasha, imebanwa chini ya chupa ya jemu. Hakuna aliyeitaja. Nilisimama pale mlangoni kadi mkononi, nataka kulipa, nataka kushukuru, nataka kumkumbatia yule bibi, na sijui kipi kinaanza.

Usiku pia nilisikia kitu kikigonga ndani ya ukuta. Tok-tok-tok, kinanyamaza, tok-tok-tok. Sitanii. Mwenye kujua aseme.

#2 KijanaWaPwani

Umempa mwenye nyumba begi abebe 😂😂 halafu ukatembea nyuma yake kama waziri. Mkuu, hiyo peke yake ilitosha kuwa uzi.

Walutheri imeniua.

#3 Fundi_Chokaa

Mlowezi, hicho kilichokuwa kikigonga ni mdudu, tulia. Mimi ni fundi wa majengo ya zamani huku, mwaka wa kumi na moja sasa, huyo tunakutana naye sana. Ni mbawakawa anayekula mbao ngumu, hasa mwaloni wenye unyevu. Anakaa ndani ya boriti akiwa funza kwa miaka, akishakomaa anatoka, na kipindi cha kati ya Aprili na Juni anagonga kichwa kwenye mbao kuita mwenzi. Zamani watu waliokesha na mgonjwa anayekata roho walimsikia kwa sababu nyumba ilikuwa kimya, wakampa jina la mlinzi wa kifo. Wewe ulisikia mtu anatafuta mchumba.

Ila mwenye nyumba mwambie. Akisikika maana yake kuna unyevu mahali.

Halafu niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui. Hiyo sehemu ya nyuma ya mbao nyeusi na nyeupe, kule kweupe katikati unadhani ni nini? Ni fito na udongo. Wanasimamisha vijiti vya mwaloni kwenye fremu, wanasuka fito, kisha wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, juu wanapaka chokaa. Mlowezi amelipa pauni 165 kulala kwenye nyumba ya udongo. Na imesimama miaka mia nne na zaidi, kwa sababu ukuta ule unapumua: maji yanaingia, yanatoka. Kilichoua nyumba nyingi za namna hii ni saruji. Karne iliyopita mafundi walikuja na saruji yao wakaziba nyufa ili ukuta uwe imara. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa, maji yakishaingia yamekwama, mbao zinaoza kimya kimya nyuma ya plasta nzuri. Nusu ya kazi yangu ni kubomoa ukarabati wa watu wa 1960 na kitu.

Madirisha yaliyozibwa kila mtu atakuambia ni kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 hadi 1851: madirisha yakizidi idadi fulani unalipa zaidi, watu wakaziba. Lakini siyo kila dirisha lililozibwa ni la kodi. Mengine yalijengwa hivyo hivyo bila uwazi tangu siku ya kwanza, ili sura ya mbele ilingane kushoto na kulia. Angalia matofali ya ndani ya dirisha. Yakiwa sawa na ya ukuta, yameungana nayo, hapo hapakuwahi kuwa na dirisha.

Na kuhusu maji ya moto: usimhukumu bibi. Nyumba kama hiyo karibu hakika iko kwenye orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa. Kutoboa ukuta kupitisha bomba jipya kunaweza kuhitaji kibali, na kufanya mabadiliko bila kibali ni kosa la jinai, siyo faini tu ya mtaani. Ndiyo maana huoni lifti. Tena kuna kichekesho: ukijenga nyumba mpya VAT ni sifuri, ukikarabati hii ya mababu unalipa asilimia 20.

#4 Mlowezi

Fundi, asante, nimemsomea mke wangu, amecheka hadi chai imemwagika. Alikuwa ameshaamua kuwa ni marehemu babu. Amesema angependelea babu.

#5 Shangazi_Rehema

Mwanangu Mlowezi, hongereni kwa miaka kumi. Mimi nina maswali ya kawaida, maana nataka kwenda na dada yangu ambaye magoti yake si mazima, na sisi pombe hatunywi na nyama tunachagua. Je, hapo mezani hatutaonekana wenye maringo? Na ukisema unataka kulala mapema inakuwaje, au ni mpaka mzee amalize hadithi?

#6 BintiMakame

Shangazi shikamoo. Acha nijibu mimi maana nilifanya kazi kwenye nyumba ya namna hii Yorkshire, majira mawili ya kiangazi, nikiwa mwanafunzi. Nilitandika, nilifua, nilipanga meza, na wakati mwingine nilikaa mezani mgeni mmoja akipungua ili idadi isiwe kumi na tatu. Siyo utani, kweli waliogopa kumi na tatu.

Chakula mwambie mapema, siku ya kuweka nafasi, tena kwa maandishi. Hakuna jiko la hoteli lenye menyu ya vyakula ishirini. Anapika mtu mmoja, mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe, na amenunua nyama ya watu nane. Ukisema siku tatu kabla unapata chakula kizuri mno. Ukisema umeshakaa mezani unapata yai, na bibi wa watu analala na huzuni. Pombe hakuna shida yoyote. Chupa ikikufikia isogeze tu kushoto, ndicho kitu pekee wanachojali. Mzee wa nyumba yetu mwenyewe aliacha pombe na alikuwa akiizungusha kila usiku kama mtu wa ibada.

Kulala mapema: kahawa ikishapelekwa sebuleni uko huru. Simama, shukuru, nenda.

Magoti ndiyo swali kubwa. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, ngazi zina mkono wa kushikia, na bafu liko ndani au ujiani. Uliza pia kama kuingia bafuni ni kupanda ukingo, maana yale mabeseni ya miguu ni marefu, hata mimi mwenye miaka ishirini na moja niliteleza. Wengi wana chumba kimoja cha chini ambacho hawakitangazi kwa sababu si kizuri kwa picha. Ndicho cha kuomba.

Sasa niwape upande wa nyuma ya mlango, maana mgeni hauoni. Kweli kuna mlango, umefunikwa kitambaa cha sufu cha kijani ili kelele za jikoni zisipite. Upande wa huku zulia na picha za mababu. Upande wa kule sakafu ya mawe, ngazi nyembamba za watumishi zinazozunguka kama konokono, na ukutani safu ya kengele, kila moja imeandikwa chumba chake, zilivutwa kwa waya. Kwetu zilikuwa kumi na tisa. Waliokuwa wakizikimbilia zamani walikuwa kundi zima. Wakati wangu tulikuwa mimi, mama wa kijijini anayekuja asubuhi, na familia. Bwana mwenyewe, mwenye jina lenye vyeo mbele, nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi amepiga magoti anazibua choo cha chumba cha bluu kwa waya wa hanga.

Kiangazi wote walihamia darini ili vyumba vizuri vikodishwe. Watoto wao walikuwa wakikatazwa kukimbia kwenye ujia kwao wenyewe kwa sababu "wageni wamelala". Hilo lilinikaa moyoni. Mahali pekee walipokuwa nyumbani kweli ni jikoni, mbele ya lile jiko la Aga la chuma ambalo kwetu halikuzimwa usiku wala mchana. Mpishi alipenda kutuambia kuwa aliyelibuni, Msweden Gustaf Dalén, mwaka 1922, alikuwa kipofu tayari, aliungua macho kwenye mlipuko miaka kumi nyuma yake, mwaka huo huo aliopewa Nobel ya fizikia. Mbwa walilala hapo, nguo zilikauka hapo, na bili ambazo hazijalipwa zilikaa hapo juu ya rafu.

Na jamani, taulo lililolowa msilitupie kwenye kiti. Na mapazia mkiyakuta yamefungwa mchana siyo uchawi, jua linaua rangi za vitambaa.

#7 Mkereketwa

Nimesoma mpaka hapa, kila mtu anachekelea. Hakuna hata mmoja anayeuliza hela ya kujenga na kulisha hayo majumba ilitoka wapi?

Mwaka 2020 National Trust, taasisi inayotunza mamia ya majumba na maeneo ya kihistoria huko, ilitoa ripoti yake yenyewe: maeneo 93 iliyo nayo yana uhusiano na ukoloni au utumwa. Siyo wanaharakati waliosema, ni wenyewe. Na utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Walilipwa nani? Wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti, tena wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838 kwa jina la "uanagenzi". Serikali ilikopa fedha hizo, na deni lenyewe limemalizika kulipwa mwaka 2015. Yaani Mlowezi, kama ulikuwa unakatwa kodi hapo Birmingham kabla ya mwaka huo, umechangia.

Halafu unakwenda kulipia tena kulala hapo na unaona aibu kudai maji ya moto.

#8 KijanaWaPwani

Aisee hiyo ya mwisho imeingia.

#9 Mlowezi

Mkereketwa, sikuandika sehemu hii kwenye bandiko la kwanza kwa sababu sikujua niiwekeje.

Chumba cha kulia kuna picha ya mwanamume mwenye nywele za bandia, mkono kiunoni. Usiku wa kwanza nilikaa nikimtazama muda wote wa supu. Asubuhi ya pili nilimkuta mama peke yake anakata maua, nikamuuliza huyu alikuwa anafanya shughuli gani. Alinyamaza kidogo. Akasema Chuo Kikuu cha London, ile UCL, walipoiweka wazi mtandaoni orodha ya waliolipwa fidia, mwaka 2013, mume wake alikaa usiku mzima akitafuta. Huyo wa kwenye picha hakumkuta, alikufa mapema. Alimkuta mjukuu wake. Shamba la miwa Jamaica. Ilikuwa imeandikwa kiasi alicholipwa na idadi ya watu. Akanitajia hiyo idadi, aliijua kwa kichwa.

Nikamuuliza kwa nini picha bado iko pale. Akasema walibishana na watoto wao. Binti alitaka ishushwe, mzee akasema ikishushwa na ukuta ukapakwa rangi, mgeni kama mimi hatauliza, na wao watasahau ndani ya kizazi kimoja. Sasa wameandika karatasi ya maelezo, iko kwenye droo, binti anasema mahali pake ni ukutani siyo kwenye droo. Hapo ndipo walipofikia.

Sikumjibu kitu. Alinipa ndoo nimshikie akaendelea kukata maua.

#10 Mkereketwa

Binti yuko sahihi. Karatasi ya kwenye droo ni sawa na hakuna karatasi.

Lakini nashukuru umeuliza. Wengi wangekula supu wakanyamaza.

#11 MzeeWaHesabu

Naongezea upande wa fedha, maana watu wanajiuliza kwa nini mtu mwenye jumba la vyumba thelathini alaze wageni.

Mwaka 1894 serikali ya Uingereza ilianza kodi mpya ya urithi, na kiwango kikapanda kila vita, hadi 1949 mali kubwa kabisa zikatozwa asilimia 80. Fikiria baba amekufa 1915, mrithi ameuawa vitani 1917: familia inadaiwa mara mbili ndani ya miaka miwili. Tena bei ya mazao ilikuwa imeshaanguka tangu miaka ya 1870, nafaka ya Marekani ilipoanza kuingia kwa meli, kwa hiyo pango la mashamba walilolipa wakulima, ambalo ndilo lililolisha jumba, lilikuwa limepungua. Vita ya pili majumba yakachukuliwa na jeshi, yakafanywa hospitali, shule, kambi. Yaliporudishwa yalikuwa magofu nusu. Wengi wakauza madini ya risasi yaliyoezeka paa, wakabomoa. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert hapo London lilifanya maonesho mazima ya picha za majumba yaliyobomolewa.

Walionusurika walikuwa na njia chache. Kuikabidhi National Trust jumba na kuishi kama mpangaji kwako mwenyewe. Kufungua geti kwa tiketi, kama bwana wa jumba la Longleat alivyofanya 1949 watu wa tabaka lake wakimcheka, baadaye akaleta na simba. Au hii aliyoiona Mlowezi, kulaza watu. Ardhi ipo, picha zipo, fedha mkononi hakuna. Hadi leo kodi ya urithi ni asilimia 40 juu ya kiwango cha msamaha, kwa hiyo yule bibi wa sweta lililotoboka huenda kwa karatasi ni milionea na bado anahesabu kuni.

Simuombei huruma, Mkereketwa. Naeleza tu kwa nini maji yalikuwa baridi.

#12 Shangazi_Rehema

BintiMakame, marahaba mwanangu, Mungu akubariki, nimeyaandika yote kwenye karatasi.

Mlowezi, mimi naona ulikosea kwenye maji. Ungekuwa umelala kwa shangazi yako ukakuta maji baridi ungefanyaje? Ungekwenda jikoni ukasema, "Shangazi, leo maji yamegoma." Basi. Hilo si lalamiko, ni habari. Kunyamaza ndiko kumfanya mtu mbali.

#13 BintiMakame

Shangazi amemaliza. Kwetu mgeni aliyenyamaza tulimwogopa kuliko aliyelalamika, maana aliyenyamaza tulimsoma baadaye mtandaoni, nyota mbili, "maji baridi, mbwa wengi". Bibi alikuwa akilia. Aliyekuja jikoni na taulo alipewa chai, na mara nyingine ndiye aliyetuambia kuwa mtambo umezima tangu usiku, sisi hatukujua.

Uende jikoni ila ubishe hodi kwenye ule mlango wa kijani kwanza. Ukipita bila hodi unaweza kumkuta Lord na waya wa hanga.

#14 KijanaWaPwani

Mkuu swali moja tu muhimu. Lile daftari la vinywaji. Uliandika vyote?

#15 Mlowezi

KijanaWaPwani, wewe ni mchawi.

Jana usiku baada ya kusoma ya Shangazi nilikaa nikakumbuka. Usiku wa pili mzee alinikaribisha glasi ya wiski mbele ya moto, hiyo ilikuwa ya kwake, siiandiki. Baadaye yeye amelala, nikaenda chumba cha vinywaji nikajimiminia ya pili. Daftari lilikuwepo, kalamu haikuwepo. Nikasema nitaandika asubuhi.

Basi leo nimewaandikia barua pepe. Nimetaja glasi, nimeomba namba ya akaunti, na humo humo nikawaambia kuhusu maji ya siku ya pili na kuhusu mdudu wa Fundi, boriti ya kushoto juu ya kabati. Nimebonyeza tuma kabla sijabadili mawazo.

Amejibu ndani ya saa moja. Anasema glasi isahaulike, kalamu huwa anaiba mbwa mdogo. Maji walijua siku tatu baadaye, mgeni Mjerumani alipokuja jikoni amefura, na amenilaumu kidogo: "Ungesema, ningekupeleka kuoga bafuni kwetu darini, kule hayakosekani." Mdudu fundi wao anakuja Alhamisi. Karatasi ya kwenye droo hakuitaja, na mimi sikumuuliza.

Mwishoni ameandika kwamba mume wake anatusalimu, na kwamba amempigia simu rafiki yake mmoja kasisi kumsimulia ile ya Walutheri, sasa inazunguka dayosisi nzima.

Mke wangu anataka turudi mwezi wa kumi. Nimemwambia sawa, ila begi nitabeba mwenyewe.